Ukurasa wa Tano wa Hotuba ya Utulivu

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote. Sikumwambia mama, sikumwambia Leila ambaye tunakaa naye dawati moja, wala sikuliandika kwenye daftari langu la siri, kwa sababu kaka yangu Abdinasir hulisoma. Ukurasa wa tano wa hotuba iliyosomwa Alhamisi mbele ya lango la mabati, kando ya reli, hapa Bungoma, niliutunga mimi na nikauchapa mimi.

Ninaliandika leo Jumamosi kwa sababu Anti Wilkista, jirani yetu, mchapaji katika ofisi ya Mheshimiwa Zachary Makokha, amepewa barua. Inamtaka aeleze Jumatatu saa mbili asubuhi kwa nini asifutwe kazi kwa ajili ya sentensi moja iliyokuwa katika ukurasa huo.

Ilianza hivi. Mheshimiwa haandiki hotuba zake. Humwambia Anti Wilkista "tengeneza kitu", naye safari hii akaja kwetu, akasimama mlangoni.

"Sumeya, si wewe ndio bingwa wa insha huko shuleni? Niandikie kitu juu ya kuishi kiroho na kwa utulivu kwa haya maisha ya kisasa. Kurasa tano tu. Yeye ataongeza yake hapo hapo."

Nikamuuliza kama Mheshimiwa ataisoma kabla ya siku yenyewe. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyo? Anasema hotuba ikisomwa mapema inapoa kama ugali."

Niliandika kurasa nne, na kila neno nilimaanisha. Jumatano baada ya masomo nikampelekea ofisini. Alipomaliza kuchapa ule wa nne akaitwa, mtoto wake ana homa. Akaniambia nikae kitini pake nimalizie wa tano, ni shukrani tu, kisha nitie kurasa zote kwenye bahasha. Nikakaa. Dirisha la ofisi ile linaangalia kiwanja. Zamani kilikuwa wazi, na ndani kulikuwa na benchi la saruji na mfereji wa maji. Mama Phelista akimaliza kuuza ndizi alikuwa akija kukaa pale, amefumba macho. Baba yangu alikuwa akitawadha pale na kuswali adhuhuri akiwa ameshikwa na kazi sokoni. Mimi nilisoma vitabu vingi kwenye benchi lile na hakuna aliyeniuliza ninafanya nini. Miaka miwili iliyopita pakazungushwa mabati, kufuli na kibao: KITUO CHA UTULIVU WA KIROHO. Tangu hapo hajaingia mtu.

Niliandika shukrani, na mwishoni mwa shukrani nikaandika ile sentensi. Nilikuwa nikimfikiria Mheshimiwa na kiwanja. Sikumfikiria kabisa mwenye kiti nilichokikalia.

Hotuba yenyewe ni hii. Nilikaa mstari wa tatu nikiwa na nakala yangu, nikaandika pembeni yote aliyoyaongeza yeye, na waliyoyasema watu.

*

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Tekelezi ya Pamoja ya Ustawi wa Kiroho, Fikra na Mambo Yanayohusiana Nayo, Kanda ya Kitale na Bungoma, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Naibu wangu, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo, na naomba kiti hicho kitambuliwe (makofi machache kwa kiti). Wakuu wa idara, makaimu wa wakuu wa idara, na wale wanaosubiri kukaimu. Viongozi wa dini zote, mliokuja na mliotuma salamu. Machifu, manaibu wa chifu, wazee wa mitaa. Walimu, na wanafunzi mlioletwa hapa kwa mstari. Akina mama wa soko, waendesha baiskeli, watembea kwa miguu. Mabibi na mabwana. Itifaki yote imezingatiwa, na kama kuna mtu yeyote ambaye itifaki yake haijazingatiwa, ainue mkono sasa ili izingatiwe. (Abdi, mwendesha boda boda, anainua mkono: "Mheshimiwa, sisi tuko kwa jua tangu saa tatu. Hiyo pia uizingatie!" Kicheko.) Imezingatiwa. Naona vijana wana ari. Hamjambo? (Hatujambo.) Nimesema, hamjambo? (Hatujambo!) Hivyo ndivyo watu watulivu wanavyoitikia, kwa sauti.

Ndugu zangu, leo nimekuja kusema nanyi juu ya kuishi. Tunaamka tukikimbia, tunakula tukikimbia, tunasali tukiangalia saa, na jioni tunashangaa siku imekwenda wapi. Haya, mabibi na mabwana, si maneno yangu peke yangu, ni matokeo ya utafiti wa kina, au kwa lugha ya kitaalamu besilaini savei, uliofanywa na ofisi yangu katika robo ya tatu ya mwaka wa fedha uliopita, ambao ulibaini, bila kuacha shaka yoyote, kwamba asilimia sabini na tatu nukta nne ya wakazi wa kanda hii hawajavuta pumzi kamili tangu mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na saba, huku asilimia kumi na tisa wakivuta pumzi lakini bila mpangilio, na waliobaki, yaani wale wa kule mpakani Lwakhakha, hawakupatikana nyumbani. (Mguno wa mshangao. Chifu anaandika.)

Na ndiyo maana serikali yenu sikivu, kupitia kwangu, haikulala. Tuliketi. Tulijadili. Tuliunda kamati, na kamati ikaunda kamati ndogo, nayo kamati ndogo ikaenda ziara ya mafunzo ya siku kumi na moja huko Mombasa, ambako tulijifunza kunyamaza kutoka kwa wataalamu katika hoteli moja ambayo, nawahakikishia, ilikuwa kimya kabisa baada ya saa nne za usiku, bendi ilipomaliza. (Makofi kutoka jukwaani.) Tuliporudi tukaanzisha idara mbili, Idara ya Kuvuta Pumzi na Idara ya Kutoa Pumzi, kila moja ikiwa na mkurugenzi wake, dereva wake na muhuri wake, kwa sababu mgawanyo wa majukumu ndio uti wa mgongo wa uwajibikaji. Kwa bahati mbaya Mkurugenzi wa Kutoa Pumzi yuko likizoni hadi mwezi ujao, kwa hiyo wale ambao mmeshavuta, tunawaomba mvumilie. (Kicheko kirefu. Mheshimiwa anasubiri kiishe, akidhani ni makofi.)

Ukila, jua kwamba unakula. Shika tonge, lihisi joto lake, kumbuka aliyelima na aliyepika. Naam. Hii ndiyo tunayoita fud sekyuriti ya kiroho. (Anageuza ukurasa.) Ukitembea, jua unatembea. Asubuhi kabla ya kutoka, kaa kidogo ukingoni mwa kitanda, uulize moyo wako umeamkaje, na usiondoke kabla haujakujibu. Ni maneno mazito haya. Nilipoyaandika niliguswa sana. (Hapa nilijiinamia.) Na ili zoezi hili la kuuliza moyo lisifanywe kiholela, ofisi yangu imeandaa Fomu ya Ombi la Kutulia, ambayo mwananchi ataijaza katika nakala tatu, aambatanishe picha mbili za pasipoti akiwa amefumba macho, kisha aipeleke kwa chifu wake itiwe sahihi, na baada ya siku ishirini na moja za kazi atajulishwa kama moyo wake umeruhusiwa.

(Abdi: "Mimi nilipiga hiyo picha! Chifu alikataa kutia sahihi, ati anadhani nimekufa!" Chifu, bila kusimama: "Si ulikuwa umefungua mdomo!" Kicheko.)

Changamoto ndogo ndogo haziwezi kukosekana. Niendelee.

Mtu akikuambia jambo, weka kazi chini, zima simu yako, mtazame usoni, msikilize mpaka amalize. Mabibi na mabwana, naomba nirudie kwa msisitizo, zima simu yako, kwa maana simu hii ya mkononi, tunayojivunia kama maendeleo ya kisasa, ndiyo mwizi nambari moja wa... (Simu ya Mheshimiwa inalia. Anatoa ya mfuko wa kushoto. Siyo. Anatoa ya kulia.) Halo? Niko kwa mkutano. Wa utulivu. Nasema UTULIVU! Hapana, mbuzi msimchinje mpaka nije. Mpaka nije! Haya. (Anaizima. Ile ya kushoto inalia.) Hiyo iache ilie, ni ya ofisi. Nilikuwa nasema, nidhamu.

(Mama Phelista, muuza ndizi, anasimama katikati ya watu. Hakuinua mkono. "Mheshimiwa, mimi nauliza tu, usikasirike.")

Uliza mama, uliza, hii ni serikali ya maswali.

("Mimi nilikuwa nakuja hapa saa saba nikimaliza ndizi zangu. Nakaa kwa hiyo benchi hapo ndani, naongea na Mungu wangu kidogo, naenda nyumbani moyo ikiwa sawa. Hata wale wa msikiti walikuwa wanasalia hapo, hatukusumbuana. Sasa miaka mbili hii, mimi nakaa wapi?" Sauti kadhaa: "Mwambie!")

Swali zuri sana. Na kwa sababu ni zuri, tayari limepelekwa kwenye kamati.

("Nani amelipeleka? Si nimeuliza sasa hivi?")

Hiyo ndiyo kasi ya utendakazi, mama! (Makofi kutoka jukwaani, kicheko kutoka kwingine kote.) Mama yetu huyu anatuonyesha jinsi wananchi wanavyolimiliki wazo hili, kwa maana zamani alikuwa akitulia bila mpango, bila bajeti, bila rejista, anakaa tu, mtu yeyote anakaa tu, hata takwimu hakuna, tusijue kama ametulia kwa kiwango cha kimataifa au amelala, ilhali leo, kwa mujibu wa mkataba wangu wa utendakazi, tunalenga kupandisha utulivu kutoka dakika nne kwa kila mkazi kwa mwaka hadi dakika kumi na moja ifikapo mwaka wa elfu mbili na kumi, na kama mvua itanyesha vizuri, dakika kumi na mbili. Keti, mama. ("Niketi wapi?") Hapo hapo ulipo. ("Hapa ni chini, Mheshimiwa.") Chini ni pazuri pia, kiroho.

Nisije nikasahau ndugu zetu wa Kitale, ambao wamefunga safari kuja kushuhudia, kwa sababu mradi huu ni pacha, na kituo pacha cha Kitale, ambacho tulikizindua kwa kusimika kibao mwezi wa tatu, kinaendelea vizuri mno. Nilipita pale juzi kwa gari nikaona kwa macho yangu mwenyewe kwamba kimeshafika usawa wa mabega. (Jelimo, mkulima kutoka Kitale, anacheka kwa nguvu: "Hayo ni mahindi, Mheshimiwa! Mimi ndio nilipanda! Nimeona kibao iko peke yake miezi mingi, nikasema ardhi isikae bure!") Mnaona? Mnaona ushirikiano kati ya sekta ya umma na sekta binafsi? Mama, hayo mahindi yana hali gani? ("Mazuri sana. Kibao inafukuza ng'ombe.") Basi huo tayari ni utulivu. Andika, chifu: ng'ombe wametulia.

(Anageuza ukurasa. Huu ni wa nne.)

Sasa tunyamaze kwa dakika moja. Kila mtu asikilize pumzi yake, asifikirie cha jana wala cha kesho. Naam! Tusimame. (Watu wanasimama. Wanaume wanavua kofia. Upande wa msikiti wengine wanafumba macho.) Dakika hii, mabibi na mabwana, ni ya kihistoria, na inapoendelea hivi naomba nitumie nafasi hii kuwakumbusha ni nani aliyeileta, kwa sababu kuna watu, sitawataja, wanaojua wanajijua, ambao walisema Makokha hawezi kuwaletea watu hata dakika moja, na leo tuko ndani yake, endeleeni kunyamaza, na si hii tu, kwa sababu tuna dakika nyingine tatu zimeshapitishwa kwenye makadirio, moja itakwenda Webuye, moja itabaki hapa makao makuu, na moja itagawanywa sawasawa kwa wakulima wa Matulo na kwingineko kulingana na mahitaji, na hapo hatujataja upanuzi wa awamu ya pili, ambao utakuwa na ukumbi wa kutafakari wa watu mia sita, ukumbi mdogo wa kutafakari kwa wageni mashuhuri, maegesho ya magari, kantini, na mnara wa kipaza sauti ambao kila asubuhi saa kumi na mbili utawatangazia wakazi wote kwamba wakae kimya. (Mtoto analia. Ananyamazishwa. Kwa saa yangu zimepita dakika saba.) Na hapo ndipo dakika yetu inapoishia. Asanteni kwa kunyamaza. Ketini.

(Mama Phelista: "Sisi tulinyamaza. Ni wewe, bana.")

Nilipokuwa mdogo, kwetu kulikuwa na mama mmoja ambaye kila jioni alikaa mlangoni pake bila kufanya chochote. Tukamdhihaki. Siku moja nilimuuliza anangoja nini. Akasema hangoji kitu, yuko tu. (Hiki nilikiandika juu ya bibi yangu. Mheshimiwa alikisoma polepole kuliko vyote vingine, na kwa muda sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. Kisha akakohoa.) Mama huyo, mabibi na mabwana, kwa tafsiri ya leo, alikuwa hana ajira, na ni kwa ajili ya watu kama yeye kwamba kituo hiki kitatoa nafasi za kazi mia mbili na hamsini za moja kwa moja na elfu moja zisizo za moja kwa moja, kuanzia walinzi wa kimya, wakaguzi wa kimya, mpaka makarani wa kupokea malalamiko ya kelele.

Kwa hayo machache (sauti: "Machache!"), nikielekea kukata utepe huu mliouona langoni, nikiwa na mkasi huu na ufunguo huu ambao mnauona kwenye mto huu wa zambarau, ningependa kuwaachia kauli mbiu. Nikisema Utulivu, mjibu Kwa Kasi! Utulivu! (Kwa kasi!) Sijasikia. Utulivu! (Kwa kasi!) Kitale na Bungoma! (Kimya juu!) Juu zaidi! (Kimya juu zaidi!) Pumzi! (Wengine: Vuta! Wengine: Shikilia! Kicheko.)

(Anageuza ukurasa wa tano.)

Mwisho kabisa, ni shukrani. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai na pumzi. Nawashukuru viongozi wa dini kwa kutuombea, chifu kwa kutupangia viti, na walimu kwa kutuletea wanafunzi. Nawashukuru wenzetu wa Kitale kwa kuja kutoka mbali. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Phelista, na wote waliokuwa wakikaa mahali hapa kabla sijapafunga, kwa sababu ndani ya mabati haya hakuna kituo na hakijawahi kuwepo, na utulivu wote uliowahi kuwa hapa waliuleta wao, wakaondoka nao siku niliyotia kufuli. Asanteni sana, na Mungu awabariki.

(Anainua uso, anatabasamu, anangoja makofi.)

*

Makofi hayakuja. Mheshimiwa aliendelea kutabasamu. Niliangalia saa yangu, kwa sababu sikuweza kumwangalia mtu yeyote. Sekunde thelathini. Arubaini. Watu mia tatu na zaidi walikuwa wamekaa pale na ungeweza kusikia mabati yakilia kwa joto. Ilifika dakika nzima, ile niliyoiomba katika ukurasa wa nne. Ndipo akainamisha kichwa akausoma tena ukurasa wa tano, midomo ikicheza, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuisoma hotuba.

Aliweka mkasi kwenye mto, akatoa simu, akaiweka sikioni ingawa haikulia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari. Mama Phelista alisogea, akachukua ufunguo kwenye mto kama mtu anayechukua kitu chake, akafungua. Ndani kulikuwa na nyasi mpaka kiunoni, na benchi.

Ijumaa asubuhi ofisini waliuliza nani alichapa. Anti Wilkista akasema, "Ni mimi." Jioni nilikwenda kwake. Alikuwa akipiga pasi sare za watoto, barua iko juu ya meza, na nilifungua mdomo nikaufunga. Aliniambia tu, "Sumeya, wewe soma vitabu vyako. Mtihani ni mwaka ujao." Nikaenda nyumbani. Nilikuwa nimeandika kurasa nne nikiwafundisha watu wamtazame aliye mbele yao, na mimi sikuweza kumtazama.

Hayo niliyaandika Jumamosi. Haya yaliyobaki nayaandika leo Jumanne.

Jumatatu niliamka mapema nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikauuliza moyo wangu umeamkaje. Uliniambia unaogopa. Niliondoka hivyo hivyo. Nilifika ofisini saa mbili kasoro kumi. Anti Wilkista alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la kungojea, amevaa nguo ya kanisani.

"Wewe unatafuta nini hapa? Si uko shule?"

"Nimekuja kumwona Mheshimiwa."

"Sumeya, rudi."

Nilibisha mlango wa Mheshimiwa nikaingia kabla Anti hajasimama. Mheshimiwa alikuwa akinywa chai. Bila gari na bila watu nyuma yake alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Nikasema jina langu, kidato changu na shule yangu. Nikasema hotuba yote niliitunga mimi, na ukurasa wa tano niliuchapa mimi, na Anti Wilkista hakuwepo kwa sababu mtoto alikuwa na homa, na hakujua. Niliyasema yote bila kupumua. Akaniuliza nani alinituma. Nikasema hakuna. Akauliza tena, jina la mtu, chama cha mtu. Nikatoa daftari langu la mazoezi, lenye mwandiko wangu na mistari niliyoikata, nikaliweka mezani. Alilifungua. Alisoma muda mrefu. Chai ikapoa.

"Huyu mama wa kukaa mlangoni," akasema, "alikuwa nani?"

"Bibi yangu. Mama yake baba."

"Yuko?"

"Alikufa mwaka juzi."

Alifunga daftari. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akaniambia kwamba nimeiaibisha kanda nzima, kwamba mimi ni mfano mbaya kwa vijana, na kwamba suala langu litapelekwa mbele ipasavyo. Akamwita Anti Wilkista. Akamwambia ile barua yake airudishe kwenye faili, arudi kwenye kiti chake, achape nyingine, ya kwenda kwa mwalimu wetu mkuu, kuhusu mwanafunzi huyu.

Anti Wilkista akakaa kitini pake. Akatia karatasi kwenye printa ya kompyuta, akaniuliza jina langu linaandikwaje, ingawa analijua tangu nizaliwe. Nikamtajia herufi moja moja. Nilimtazama usoni wakati wote. Alipomaliza akaisoma barua yote tangu mwanzo mpaka mwisho, pole pole, ndipo akaitia kwenye bahasha, akanipa niipeleke.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Nilipita njia ya reli. Lango lilikuwa wazi, na mtu alikuwa amekwisha kufyeka nyasi kuzunguka benchi. Mama Phelista hakuwepo bado, ilikuwa mapema. Nilikaa, barua iko mapajani, kwa dakika moja ya saa yangu. Kisha nikasimama nikaipeleka shuleni.